Dani, Usinibadilishie Lugha

Kabla tuendelee, jaribu kitu. Sema "ta". Poa. Sasa sema "pa". Sasa sema hizo mbili kwa mpigo mmoja: ncha ya ulimi imegusa nyuma ya meno, na wakati huo huo midomo imefungwa, halafu uachilie zote pamoja. Sio "tapa". Sio "tipa". Sauti moja tu.

Imekataa? Hata mimi. Nilijaribu nikiwa kwa mat ya kuenda tao mpaka mama aliyekaa kando yangu akavuta mkoba wake karibu.

Sasa kuna kisiwa ambapo watoto wanaitoa hiyo sauti wakicheza, bila hata kufikiria. Kinaitwa Rossel, na wenyewe hukiita Yela. Kiko Papua New Guinea, mbali sana baharini upande wa mashariki, mwisho kabisa wa msururu wa visiwa vya Louisiade. Urefu wake ni kama kilomita 34. Lugha yao inaitwa Yélî Dnye, na watu wanaoiongea ni kama 5,000. Wachukue wote, wapeleke Nyayo Stadium, na bado wewe utapata kiti, tena cha kivulini.

Watu wachache hivyo, lakini sikia mali waliyo nayo. Kiswahili kina irabu tano, zile a, e, i, o, u za darasa la kwanza. Yélî Dnye ina irabu 34. Ukiongeza konsonanti zake 56, unapata sauti 90. Stephen Levinson, mwanaisimu ambaye amekuwa akienda huko tangu 1995 na aliyechapisha kitabu kizima cha sarufi yake 2022, anasema baadhi ya hizo sauti hazijapatikana katika lugha nyingine yoyote duniani. Mtu mzima kutoka nje akiolewa huko au akihamia huko, ni nadra sana aimudu vizuri.

Hata majirani zao hawana undugu nao wa lugha. Ukisikia "lugha za Kipapua" usidhani ni ukoo mmoja kama vile Kibantu. Ni jina tu la kukusanya lugha nyingi za eneo la New Guinea ambazo haziko kwa ukoo mkubwa wa Kiaustronesia. Visiwa vya karibu na Rossel huongea lugha za Kiaustronesia, na huo ukoo umevuka bahari hadi Madagaska, hapa tu ng'ambo ya Msumbiji. Kwa hivyo mvuvi wa kisiwa cha jirani ana undugu wa lugha na mtu wa Antananarivo, maelfu ya kilomita mbali, lakini hana wowote na mtu wa Rossel anayemwona akipita na mtumbwi.

Najua unachofikiria. "Haya, lugha ya ajabu, kisiwa cha mbali, tumeshangaa, tuskroli." Ngoja kidogo. Sauti sio kitu kilichonikalisha chini. Kilichonikalisha ni kwamba watoto wa Rossel bado wanaiongea. Wote. Watu 5,000, na lugha iko hai kabisa. Halafu nikajiangalia mimi.

*

Buda ni wa Mfangano. Kama hujawahi kufika, unaenda Mbita, unapanda boti, unavuka ziwa. Watu wa huko asili ni Abasuba, na lugha yao ni Olusuba. Ni lugha ya Kibantu, haina undugu na Dholuo, ingawa leo ukitembea Mfangano au Rusinga utasikia Dholuo karibu kila mahali. Lugha ilibadilika polepole, kizazi baada ya kizazi. Kwetu nyumbani unaweza kuhesabu hivyo vizazi kwa vidole vitatu. Dani, yaani mama ya buda, anaongea Olusuba. Buda anaielewa lakini anajibu na Dholuo. Mimi nina Kiswahili, Sheng, Kiingereza, na Dholuo ya kusalimia watu kwa matanga.

Desemba iliyopita tulikuwa huko. Jioni moja dani alikuwa amekaa nje na dada yake mdogo, wanachambua managu. Nilikuwa ndani nachaji simu na niliwasikia wakicheka. Sio kicheko cha heshima. Kile kicheko cha mtu kushindwa kupumua. Dani alikuwa anapanguza macho na leso. Nikatoka nione kuna nini.

Wakanyamaza sekunde moja. Dada yake akasema kitu na Dholuo. Halafu dani akanigeukia, na Kiswahili chake safi cha polepole: "Kuja ukae, mjukuu wangu. Tulikuwa tunaongea tu mambo ya zamani."

Nikakaa. Nikauliza ni mambo gani. Dani akanieleza stori ya mzee fulani na punda. Haikuchekesha. Yeye mwenyewe aliona haichekeshi, akaiacha katikati na kurudi kwa managu. Ile kitu iliyokuwa inawaua na kicheko ilibaki huko kwa Olusuba, haikuvuka.

Na hapo ndipo nilipoona. Hawakuwa wananificha kitu. Walikuwa wananifanyia heshima. Mgeni akija unamwongelesha kwa lugha anayojua, huo ndio uungwana. Tatizo ni kwamba mimi sio mgeni. Mimi ni mjukuu, na nimekuwa nikipewa heshima ya mgeni tangu nizaliwe.

*

Nilikuwa naamini lugha ndogo hufa kwa sababu ni ndogo. Ukiwa na watu wachache, lugha kubwa inakumeza, kwisha. Rossel inaharibu hiyo hesabu. Ukijibu kwamba Rossel imeokolewa na bahari, kwamba wako mbali na hakuna wa kuwasumbua, basi kuna stori nyingine ya nchi hiyo hiyo.

Papua New Guinea ina lugha zaidi ya 800. Moja yao ni Taiap, ya kijiji kimoja tu kinachoitwa Gapun, ndani ya msitu na kinamasi, karibu na pale mto Sepik unapoingia baharini. Hakuna barabara ya kufika. Mwanaanthropolojia Don Kulick alienda kuishi huko miaka ya 1980, na akakuta waliokuwa wanaongea Taiap hawafiki 100. Lakini kilichomshtua ni kwamba hakukuwa na mtoto wa chini ya miaka 10 aliyekuwa anaiongea. Watoto walikuwa wanatumia Tok Pisin, lugha ya taifa, ile unaweza kusema ni Kiswahili chao.

Wazazi hawakuwa wamepanga hivyo. Walitaka watoto wao wajue Taiap. Walipoulizwa mbona hawajui, waliwalaumu watoto wenyewe: hawa ni vichwa ngumu, wamekataa. Mtoto hata hajaota meno yote, tayari analaumiwa kwa kuua lugha.

Kulick akaanza kusikiliza kwa makini venye watu wazima wanaongea na watoto. Mzazi alikuwa anasema kitu kwa Taiap, halafu anakirudia kwa Tok Pisin ili mtoto aelewe. Anatoa amri kwa Taiap, anaifuatisha na Tok Pisin. Mtoto sio mjinga. Akijua ya pili inakuja, kwa nini asumbuke na ya kwanza? Hivyo tu, kwa upole, bila mtu kupiga marufuku chochote, Taiap iliacha kupita kwa mtoto. Kulick ameendelea kurudi huko kwa miaka mingi, na kitabu alichochapisha 2019 kinaongea juu ya kifo.

Kinamasi hakikuwasaidia. Kuwa mbali hakukuwasaidia. Nilisoma hiyo sehemu nikakumbuka "Kuja ukae, mjukuu wangu," na manze, nilifunga simu.

*

Sasa rudi Rossel. Marisa Casillas, Penelope Brown na huyo Levinson walichapisha utafiti 2021 kuhusu watoto 10 wa kisiwani, wote wa chini ya miaka mitatu. Waliwavalisha vinasa sauti wakapima siku nzima mtoto anasikia nini. Maneno ambayo mtu anamwambia mtoto mwenyewe, moja kwa moja, yalikuwa kama dakika 3 kwa kila saa. Dakika tatu! Mtoto wa hapa Nairobi anaimbiwa na katuni zaidi ya hiyo kabla ya chai kuiva. Na bado watoto wa Rossel walifika hatua zao za mwanzo za kuongea kwa wakati ule ule kama watoto wa kwingine.

Sitaki kuuza huu utafiti kama dawa. Ni watoto 10, na dakika tatu hazitafanya kazi kila mahali. Lakini mimi najiuliza: dakika zingine 57 zinakuwa za nini? Mtoto yuko kati ya watu. Wanapika, wanagombana, wanapiga stori, wanacheka. Na hakuna anayebadilisha lugha kwa sababu mtoto ameingia. Mimi nilikosa hizo dakika 57. Kila nikitokea mlangoni, mtu alizizima.

Na ndani ya hizo dakika kuna vitu huwezi kuvipata kwa kamusi. Chukua rangi. Yélî Dnye haina hata neno lenyewe la "rangi". Wakitaka kusema kitu ni cheupe wanasema kpaapîkpaapî, na kpaapî ni ndege, kasuku mweupe wa huko. Chekundu ni mtyemtye, na mtye ni kasuku mwekundu. Kabla ucheke, kijani imetoka wapi? Jani. Kijivu? Jivu. Kahawia? Kahawa. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Sisi pia tulitazama karibu yetu tukachukua tulichokiona. Tofauti ni kwamba wao waliangalia juu ya miti yao, na mtoto wa Rossel hawezi kujifunza nyekundu bila kujua ndege.

Ama chukua heshima. Huko jina la mkwe wako hulitaji. Ni mwiko. Jina la mtu aliyefariki juzi pia hulitaji. Sasa unamwongeleaje? Unazunguka: "baba ya yule," unaelekeza kidole upande wa kwao, unainua nyusi, na mwenzako anakisia hadi anafika. Hao ni watu ambao kila mmoja anajua ukoo wa kila mtu na nyumba ya kila mtu. Bila hiyo hesabu ya ukoo kichwani, stori ya dakika tano hutaielewa.

Ama pesa. Wana pesa yao ya kombe za baharini, inaitwa ndap na kö, ambayo hutumika kulipa mahari na kwa karamu za nguruwe. Ndap peke yake ina madaraja zaidi ya 20, na kila daraja lina jina lake. Lugha ikienda, zile kombe zitabaki tu kombe, na mtalii atazinunua kama mkufu.

*

Sasa wacha nijibu wale najua wanakuja.

Kuna yule atasema lugha hailipi renti. Kweli, hailipi. Sijawahi kuona kazi imetangazwa wanataka mtu wa Olusuba. Lakini hata dani hanilipii renti, na sijawahi kusikia mtu akisema tumsahau. Halafu hii mambo ya kuchagua moja ni uongo tuliouziwa. Watoto wa Rossel wanasoma kwa Kiingereza shuleni na wanarudi nyumbani kwa Yélî Dnye. Buda yangu alisoma shule moja ya msingi ambapo ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao cha mbao shingoni, na jioni waliokivaa wote wanachapwa. Alivikwa mara nyingi. Kiingereza alikijua, na angekijua hata bila hicho kibao. Kitu alichojifunza hasa kutoka kwa kibao ni kwamba lugha ya mamake ni kosa. Ndiyo maana sikumlaumu niliposhindwa kuelewa dani. Nilimwuliza tu, akaniambia, "Sikutaka mteseke venye niliteseka." Mzazi wa Gapun angemwelewa.

Kuna yule atasema lugha za mama ndizo zinatuletea ukabila. Hii naichukulia kwa uzito, kwa sababu wazazi wengi wa Nairobi walifanya huo uamuzi wakiwa na hofu ya kweli. Baada ya 2007, kuna watu waliogopa kuongea lugha yao kwa simu wakiwa kwa mat. Rossel ni kisiwa cha lugha moja, hawana hilo tatizo letu, na sitawatumia kukuhubiria. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti ya kuongea lugha yako na dani jikoni, na kuiongea ofisini ili wengine wasielewe. Ya pili ni ujeuri. Ya kwanza ni familia. Tukaogopa ya pili, tukazima zote mbili.

Na kuna yule atasema serikali ifanye kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali itakuza na kulinda lugha za watu wa Kenya. Poa sana, tuidai. Wimbo, vitabu, redio, yote karibu. Lakini hakuna waziri aliyekuwa pale nje na yale managu. Ilikuwa ni dani, dada yake, na mimi nikitokea na simu mkononi. Hiyo sekunde moja ya kunyamaza hakuna sheria itaifikia.

Nisiwapambe watu wa Rossel pia. Hakuna aliyewapa garantii. Watu 5,000 ni wachache, na kizazi kimoja tu kikianza kuwarudia watoto kila kitu kwa Kiingereza, watafika pale Gapun ilifika. Hapa kwetu, ukienda Ziwa Turkana, El Molo walishaacha lugha yao wakachukua Kisamburu. El Molo hawajaisha, wako pale ziwani. Lugha yao ndiyo haiko.

*

Kwa hivyo nilifanya nini? Kitu kidogo sana, na bado naona aibu kilinichukua miaka yote hii.

Jumapili moja nilimpigia dani. Nikamwambia, "Dani, nikija ukiwa unaongea na dada yako, usinibadilishie. Niache nikae tu nisikie."

Akauliza, "Utaelewa nini?"

Nikasema, "Hakuna."

Akacheka. "Sasa utakaa tu kama mti?"

Nikamwambia ndiyo, kama mti.

April nilienda. Nilikaa kama mti siku tatu. Siku ya kwanza walisahau, wakabadilisha, nikawakumbusha. Siku ya pili walibadilisha nusu. Siku ya tatu, nikichuna mahindi, walinisahau kabisa, na stori ikaendelea juu ya kichwa changu kama redio ya nchi nyingine. Nilishika jina la buda mara mbili na walicheka mara zote mbili, kwa hivyo kuna kitu buda alifanya akiwa mdogo na nitakijua, hata kama ni mwaka ujao.

Saa hii nina maneno 11. Sitayaandika hapa kwa sababu nitakosea spelingi na makazo wangu watanimaliza. Kumi na moja ni aibu, najua. Sitawahi kuongea Olusuba kama dani, na sidanganyi mtu kwamba mimi nitaiokoa. Lakini dani ana miaka 81. Ile stori ya mzee na punda anayo yeye na dada yake tu, na nataka siku moja nicheke kabla wao wawili hawajaisha.

Wewe huhitaji hata kuanza masomo. Wiki hii ukiingia mahali na wazee wako wanyamaze, wabadilishe wakuwekee Kiswahili ama Kiingereza, waambie warudi walikokuwa. Halafu kaa. Usiulize kila neno maana yake, watachoka na wewe. Kaa tu.

Na kama kwenu kuna mtu hubadilisha lugha ukiingia, niambie hapo kwa komenti ni nani, na alikuwa anaongea lugha gani kabla ufungue mlango.